Habari Iliyochakaa

Kutojua ni upungufu, lakini kushika habari iliyokwisha kubadilika ni hatari kubwa zaidi. Asiyejua huuliza, mwenye habari iliyochakaa haulizi, huenda moja kwa moja mahali pasipo pake. Jambo hili ni kweli kwa wanadamu, na ni kweli vilevile kwa kompyuta.

Makazi yangu ni Thika, na kazi yangu ya ualimu iko Ruiru. Kati ya miji hiyo iko Juja, ambako Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilishiriki katika mpango wa kuzipatia shule za msingi vishikwambi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2016. Wanafunzi wangu huniuliza: ikiwa kompyuta yenye kiini kimoja hufanya kazi ya mtu mmoja, je, yenye viini vinane hufanya kazi ya watu wanane? Jibu langu ni kwamba si daima.

Sababu moja huieleza kwa mfano wa shule. Fikirini ubao katika ofisi ya walimu, unaoonyesha kila darasa limo katika chumba gani. Kwenda kuusoma kila kipindi ni kupoteza wakati. Kwa hiyo kila mwalimu hunakili katika daftari lake. Siku mwalimu mkuu anapobadili vyumba, kufuta ubao hakutoshi. Hana budi kupiga kengele, kila mwalimu aache kufundisha, afute mstari wa kale, kisha aitikie kwamba amekwisha kufuta. Kabla wa mwisho hajaitikia, chumba kile hakiwezi kupewa wengine.

Ndivyo ilivyo ndani ya kompyuta. Kumbukumbu yake imegawanywa katika kurasa, aghalabu kila ukurasa una baiti 4,096, na jedwali kubwa huonyesha kila ukurasa uko wapi. Kila kiini kina daftari lake dogo la anwani. Katika prosesa nyingi za Intel na AMD madaftari hayo hayajirekebishi yenyewe: mfumo endeshi hutuma ishara, na viini husimama, hufuta, huitikia. Wataalamu wa mfumo wa Mach, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walilieleza tatizo hili mwaka 1989. Kadiri viini vinavyozidi, ndivyo kungojana kunavyozidi.

Njia kadhaa zimepatikana za kupunguza usumbufu huo. Ya kwanza ni kukusanya mabadiliko mengi na kuyapigia kengele moja. Ya pili ni kuviita viini vinavyoendesha programu inayohusika, na kukiacha kiini kilicholala kijisahihishe kitakapoamka. Ya tatu ni kufuta daftari zima kurasa zikiwa nyingi, badala ya mstari mmoja mmoja. Katika Linux, kwa prosesa za Intel na AMD, kiwango cha kawaida ni kurasa 33. Ya nne ni kuiachia mashine yenyewe kazi ya kutangaza. Prosesa za ARM zina amri ya namna hiyo. AMD nao waliweka yao, na Linux ikaanza kuitumia mwaka 2025.

Lakini angalieni: katika njia hizi zote, hakuna hata moja inayoruhusu chumba kutumiwa kwa anwani ya kale baada ya kupewa wageni. Kiini chenye anwani iliyochakaa kingeweza kusoma siri ya programu nyingine, au kuiharibu kazi yake. Kompyuta ya benki au ya hospitali ikifanya hivyo, wepesi wake wafaa nini?

Chuo cha ualimu kilinifunza kuandaa somo kabla ya kuingia darasani. Kompyuta imenifunza la pili: kulipitia tena daftari langu la masomo kila mwaka, na kufuta yaliyokwisha kubadilika. Nanyi wanafunzi, mtakapokabidhiwa kazi ya kuongoza wenzenu, msimsumbue asiyehusika, wala msimnyime habari anayehusika. Haraka iliyo salama hukaa kati ya mambo hayo mawili.