Chini ya Taa Nyekundu

Ndugu walimu, mwaka 1983, nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya Kampala, nilinunua kamera kuukuu ili niwapige picha wanafunzi waliokuwa wakituaga. Nilimaliza filamu nzima ya picha 36, kisha nikaenda katika studio moja kuomba nifundishwe kuisafisha kwa mikono yangu. Mafundi walinikubalia, lakini hapana aliyejishughulisha kunieleza neno. Kila nilipouliza nilijibiwa, "Wewe tazama tu, Mwalimu."

Basi nikatazama. Niliona karatasi za picha zikitiwa katika dawa chini ya taa nyekundu, na sura za watu zikijitokeza polepole. Zamu yangu ilipofika, niliifungua filamu yangu chini ya taa ileile. Ilitoka dawani nyeusi tupu, tangu mwanzo hadi mwisho. Mafundi waliangua kicheko. Mmoja wao alikuwa amesimama karibu nami muda wote, akiniona.

Huyo ndiye aliyenieleza baadaye: "Karatasi hii haioni wekundu, filamu yako huona rangi zote. Filamu hufunguliwa katika giza kamili." Maelezo hayo hayakumaliza dakika moja. Nilipomwuliza kwa nini hakuniambia mapema, alinijibu kwa utulivu, "Hata mimi yangu iliungua, na hapana aliyeniambia."

Niliondoka nimekasirika, na hasira hiyo nikaenda nayo darasani. Juma lililofuata mwanafunzi mmoja alisema, "Mwalimu, kitabu yangu imepotea." Darasa zima lilicheka, na aliyetangulia kucheka alikuwa mimi. Kijana yule hakunyosha mkono tena hadi muhula ulipokwisha.

Nilichelewa kutambua kwamba kosa lake lilikuwa ndugu wa kosa langu. Kiswahili alikuwa amekisikia sokoni, na huko maneno yake yalieleweka vema. Akayaleta darasani kama nilivyoipeleka filamu penye taa ya karatasi. Hakukosa akili. Alikosa mtu wa kumwambia kwamba kitabu huenda na "changu" na "kimepotea".

Wahenga walisema, mwanzo wa ngoma ni lele. Tusimcheke anayeanza lele. Majina ya wale wanafunzi wa 1983 ningali nayakumbuka. Sura zao nyingi zimenitoka, na picha sina. Hiyo ndiyo gharama ya neno la dakika moja lisilosemwa kwa wakati wake.