Kina na Kima

Jioni moja mama yangu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, aliketi mbele ya runinga nyumbani kwetu Tanga. Beti za shairi zilikuwa zikipita kwenye kioo, na nyuma yake ikisikika sauti ya udi. Ghafla akahamaki: "Hawa wameandika 'kima' pahala pa 'kina'! Nani aliyewapa kazi hii?"

Nikasogea karibu na kioo, nikasoma. Lilikuwa "kina". Nikamwambia, kwa upole wa mtu asiyejijua kuwa anaumiza, "Ni macho, mama. Umri nao."

Hakunijibu. Tangu siku hiyo, kila maandishi yalipotokea aligeuza uso dirishani. Aliyenifundisha kusoma alikuwa ameacha kusoma mbele yangu.

Nikampeleka kwa daktari wa macho. Kwa miwani yake ileile alisoma herufi ndogo kabisa za ubaoni, hakukosea hata moja. Tukarudi kimya. Nilipofika nyumbani nikainama nyuma ya runinga.

Humo mlikuwa na waya wa zamani wenye vichwa vitatu: cha njano hubeba picha, chekundu sauti ya kulia, cheupe sauti ya kushoto. Ule wa njano hupitisha mwangaza na rangi vikiwa vimechanganywa. Runinga inapovitenganisha, rangi huvuja pembezoni mwa herufi, na "n" huweza kuota mguu wa tatu. Isitoshe, hauwezi kupitisha picha ya HD, hata kama vyombo vyote viwili vina uwezo huo. Kifaa kile tunakiita king'amuzi kwa kuwa kazi yake ni kung'amua. Mimi niliyekaa nacho nyumba moja sikung'amua kitu.

Dukani, muuzaji aliniwekea nyaya mbili za HDMI: moja ya bei nafuu, nyingine yenye ncha zilizopakwa dhahabu, bei yake mara tano. Nikachukua ya kwanza, ya mita moja na nusu. Katika waya huu picha na sauti husafiri pamoja kwa mfumo wa dijiti, wa sifuri na moja. Kwa umbali mfupi hivyo, zikifika salama zimefika. Dhahabu haiziongezei uzuri. Waya ukiwa mbovu, picha hukatika au kioo hujaa vidoti, lakini haugeuzi "n" kuwa "m".

Kuchomeka peke yake hakukutosha. Ilibidi nichague tundu la HDMI kwa rimoti ya runinga, kisha niingie kwenye mipangilio ya king'amuzi nipandishe ubora wa picha hadi 1080. Wengi huishia kwenye kuchomeka, wakadhani wamelaghaiwa.

Waya wa zamani sikuutupa. Redio kubwa ya mama, anayosikilizia taarabu, haina tundu la HDMI. Ina tundu jekundu na jeupe. Nikaunganisha vichwa hivyo viwili kutoka kwenye king'amuzi, rangi kwa rangi, kama kina kwa kina, na cha njano nikakiacha kikining'inia. Picha ikapita njia mpya, sauti ikapita njia kongwe. Waya bora, nimejifunza, ni ule unaolingana na kazi yake na tundu lake. Malenga naye hachagui neno kwa ughali wake.

Wiki iliyofuata kipindi kilirudi. Nikamwita mama, nikamwomba radhi kwa neno langu la siku ile. Akakaa, akarekebisha miwani, akautazama ubeti mzima bila kupepesa.

"Kina kimekaa," akasema. Kisha akahesabu kwa vidole. "Lakini mshororo wa tatu una mizani kumi na tano. Hilo nalo ni waya?"