Anakula Popote, Anatagia Kwake

Ukitaka kujua kilichonitoa chuo kikuu, ni gugu. Jina lake la kitabuni ni Parthenium, na Watanzania huliita gugu karoti kwa sababu ya majani yake. Sisi, upande wa Muhoroni, tulikuwa tukiliita "hayo maua meupe" tu. Lilifunika malisho, ng'ombe wa mama wakalila kwa kukosa nyasi, na maziwa yakawa machungu. Mnunuzi alionja mara mbili, ya tatu hakuja. Maziwa ndiyo yaliyokuwa karo yangu. Mwaka wa pili, kabla ya mitihani, nikarudi nyumbani na begi langu.

Siku hizi naandika kwa malipo. Wiki hii blenda, wiki ijayo kamari za mtandaoni, halafu barua ya mapenzi kwa niaba ya mtu nisiyemjua. Mwaka jana mteja mmoja alitaka makala kuhusu mbawakawa anayekula gugu lile lile. Nilikubali hata kabla hajataja pesa.

Mdudu mwenyewe ni Zygogramma bicolorata, wa kutoka Mexico. Ana urefu wa milimita 6 hivi, rangi ya maziwa, na mistari ya kahawia iliyojipinda mgongoni kama mtu aliyekuwa akijaribu kalamu. Australia walimwachilia mwaka 1980, India 1984, na majirani zetu wa Ethiopia 2016.

Kula anakula, si mchezo. Lakini gugu moja laweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, kwa hivyo mdudu asiyezaa hana msaada. Dume humpanda jike na kukaa mgongoni bila haraka. Jike hupandwa zaidi ya mara moja, na maishani mwake hutaga mayai mamia kwa mamia. Huyabandika hasa upande wa chini wa jani, moja moja au machache pamoja. Baada ya siku chache mabuu hutoka na kuvamia vichipukizi na vitumba vya maua, yaani wanaila mbegu kabla haijawa mbegu. Wakishiba hushuka udongoni kugeuka. Kiangazi kikija, wakubwa nao hujifukia na kulala, wakingoja mvua.

Kilichonishika zaidi ni kisa cha India. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alionekana akila majani ya alizeti. Kelele zikapigwa, kazi ya kumsambaza ikasimamishwa. Kumbe chavua ya gugu ilikuwa imeangukia yale majani, naye akaifuata. Baada ya uchunguzi wa miaka, akasafishwa jina. Ndiyo maana wanaopima wadudu wa aina hii hawatosheki na kujua ameuma jani gani. Wanataka kujua jike atataga wapi, na watoto wataweza kukulia wapi. Mkubwa anaweza kuonja kwa jirani. Mtoto wake anahitaji gugu, au ndugu wa karibu wa gugu, la sivyo hafiki popote.

Mama huniuliza, "Mwanangu, hasa kazi yako ni gani? Leo blenda, kesho kamari." Zamani nilikuwa najibu, "Naandika, mama," naye ananyamaza kwa namna inayouma kuliko matusi. Yeye anaona majani ninayokula. Ananiona nimeruka kutoka hili hadi lile, na anaogopa kwamba nimepotea.

Juzi nikamwonyesha kitu kingine. Kila usiku, nikishatuma kazi ya watu, nafungua faili ambalo hakuna aliyelilipia. Mle ndani mna yale malisho, ndoo ya maziwa iliyorudishwa, na sisi wawili tukiyang'oa maua meupe kabla hayajachanua, mikono imefungwa mifuko ya plastiki kwa sababu ya muwasho. Blenda zinanilisha. Lakini hapa ndipo ninapotaga.

Kwetu huyo mbawakawa sijamwona, na gugu bado lipo. Mama alisoma kurasa za kwanza polepole, kidole juu ya kioo cha simu. Akaniuliza mbona yule ng'ombe mwekundu sijamtaja, na ndiye aliyekuwa akitoa maziwa mengi.

Nimemwongeza.