Dhana si Ushahidi

Hapa kwetu Kigonsera vijana wengi hupenda hadithi za upelelezi, wala hatuoni ubaya. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla aliwafunza wazazi wetu kutazama kwanza, kisha kusema. Lakini hadithi ina mtunzi anayemjua muuaji. Katika maisha, ajuaye yote ni Allah peke Yake.

Tuzingatie kisa cha nchi jirani, Kenya. Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, Waafrika wawili wa lori la maziwa walikuta gari limeacha barabara karibu na Karen, nje ya Nairobi. Ndani mlikuwa na maiti ya Josslyn Hay, Earl wa Erroll, mwenye umri wa miaka 39, amepigwa risasi ya kichwa. Alitoka katika kundi la walowezi wakwasi wa bonde la Wanjohi, waliojulikana kwa ulevi na zinaa.

Macho yote yalimwelekea Sir Jock Delves Broughton, kwa kuwa marehemu alikuwa na uhusiano na mkewe, Diana, aliyemwoa miezi michache tu kabla. Sababu ilionekana, ushahidi haukuonekana. Silaha haikupatikana, na wakili wake, Harry Morris, alionesha kwamba risasi hazikulingana na bastola za mteja wake. Tarehe 1 Julai, jopo la Wazungu wenzake likamwachia huru.

Je, watu walinyamaza? La. Alitengwa, akarejea Uingereza, na Desemba 1942 akafa mjini Liverpool kwa kujidunga dawa kupita kiasi. Tangu hapo vitabu na filamu vimeendelea na kesi, kila kimoja na muuaji wake.

Ndugu zetu, nasi tuna mahakama zetu: barazani, kisimani na sokoni. Mtoto akifa ghafla, jina la mtu hutajwa kabla jua halijachwa, na bibi kizee hukosa wa kumsalimia. Hatusemi uovu ufichwe. Aliyeona na ashuhudie mbele ya wenye mamlaka. Lakini sheria yetu humtaka mwenye kudai alete ushahidi, na Suratul Hujurat imekataza dhana, kuchunguzana na kusengenyana katika aya moja, kwa kuwa la kwanza huzaa la pili, na la pili huzaa la tatu.

Wazazi, tuwafunze watoto wetu hilo wakiwa bado wadogo. Wallahu a'lam.