WALINUNUA NYUMBA YA MAGURUDUMU, WAKAIPELEKA LIPINGO, BIBI AKASUSA

Wadau, hii ya leo inatoka Songea. Kuna jamaa ana duka la vifaa vya ujenzi, mkewe ana saluni, wana watoto wawili. Maisha si mabaya. Mwaka jana wakapita wazee wawili wa Kizungu waliotoka Afrika Kusini wakivuta tela la kulala, yaani kanyumba kadogo ka magurudumu chenye vitanda, jiko la gesi, friji na sinki. Mzee afya ikagoma, wakataka kurudi kwao kwa ndege, tela wakaamua kuliuza. Jamaa akalibeba kwa milioni tisa.

Akadhani kamaliza. Kumbe chombo cha nje kikiuzwa huku lazima kilipiwe ushuru, kisajiliwe, kipate namba ya Tanzania. Mpaka linafungwa kibao, hesabu ilikuwa inaikaribia milioni kumi na tano. Mke yeye aliliona siku linaingia getini. Hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Na bati za mama?"

Hapo ndo penyewe. Mama mzazi wa jamaa anaishi Lipingo, kule Ziwa Nyasa. Nyumba yake ni ya tofali za kuchoma, ila paa ni nyasi. Ahadi ya bati ilikuwa na miaka mitatu, na kila mwaka ina sababu yake. Sasa kumbuka jamaa anauza nini dukani. Ndiyo, bati!

Likizo ya mwezi wa sita wakafunga safari. Songea mpaka Mbinga lami safi, wakasimama kununua ndizi, watoto wanapiga selfi mlangoni kama mastaa. Shida ikaanza baada ya Mbinga, pale unapoiacha milima ya Wamatengo na kahawa zao na kuanza kuliteremkia ziwa. Jamaa alikuwa amepakia vitu vizito vyote nyuma ya tela: sementi mifuko minne ya mteja wa Mbamba Bay, dumu za maji, gunia la mchele. Tela likiwa zito nyuma linalinyanyua gari kwenye kile chuma cha kufungia, halafu kwenye mteremko linaanza kutikisa mkia kama mbwa aliyemwona mwenye nyumba. Kona ya tatu mke akapiga kelele, breki zikaanza kunuka. Wakasimama zaidi ya saa nzima, sementi ikahamishiwa mbele ya ekseli, na safari ikaendelea kwa gia namba mbili na kimya kingi ndani ya gari.

Lipingo wakaingia jioni na vumbi lao, kijiji kizima kikatoka. Bibi alikuwa ameshajiandaa. Alisafisha chumba, akatandika mkeka mpya, akapika ugali wa muhogo na mbasa wa kuchoma. Akapokea shikamoo zote, akamtania mjukuu wa kiume, "Mume wangu umekuja na nyumba yako kabisa?" Watu wakacheka.

Jamaa akajibu kwa kujisikia, "Ndiyo mama, sisi tutalala humu humu, tusikusumbue."

Aisee. Maneno mengine bora uyameze. Mtoto ametoka mjini, anafika uani kwa mama yake, halafu anamwambia hatalala ndani? Bibi hakusema kitu. Alikunja ule mkeka mpya, akaingia nao ndani, na chakula hakula. Usiku jirani mmoja akasikika akisema kwa sauti ya makusudi kwamba muuza bati wa Songea ameleta nyumba yake yenye paa.

Na huko ndani ya tela mambo hayakuwa ya kwenye picha. Watu wanne, madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu, pumzi zote zinagonga dari la baridi zinageuka maji. Saa kumi alfajiri mtoto mdogo anaamka analia tela linavuja, kumbe ni jasho lao wenyewe linawadondokea. Friji nalo liligoma. Yale ya gesi hayataki tela likae limeinama hata kidogo, na chini ya mwembe wa bibi hakuna ardhi iliyonyooka. Maziwa yakaganda. Choo cha ndani je? Kina kisanduku chake ambacho lazima mtu akitoe na kwenda kukimwaga. Baba na mama wakatazamana, siku ya pili wote wakahamia choo cha shimo cha bibi, wanaomba ruhusa kwa adabu.

Siku ya tatu wakawapeleka watoto Liuli kuona lile jiwe la majini. Wajerumani waliliona linafanana na Sphinx ya Misri, mji wakauita Sphinxhafen. Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilitokea upande wa Nyasaland ikaishambulia meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa hapohapo Liuli. Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa na siku chache tu. Watoto walifurahi kuliko mahali pengine popote, na hiyo sehemu tela halikuhusika kabisa.

Usiku wa siku ya nne ukaja upepo wa kusini, ule wavuvi wa ziwani wanauita mwera. Miezi hii ya baridi ndo msimu wake, mitumbwi inafungwa. Tela likaanza kuyumba, vikombe vinaanguka, vile vijiwe walivyotegesha kwenye magurudumu vinalia. Mke hakusubiri mjadala. Alibeba mtoto mmoja, akamvuta mwingine, akagonga kwa mama mkwe. "Mama, tufungulie."

Bibi alifungua kabla hajamaliza kusema. Akautandika ule mkeka mpya. Jamaa akaingia wa mwisho, akakaa chini, akainua macho. Upepo ulikuwa umechukua kipande cha nyasi juu ya sebule na nyota zilionekana vizuri tu. Bibi akafuata macho yake. "Huwa narudishia mwenyewe asubuhi," akasema, kisha akawafunika wajukuu khanga.

Hakuna aliyemgombeza jamaa usiku ule, na mke anasema kwamba angalau angegombezwa angelala.

Mwezi wa saba mwanzoni jamaa akarudi Lipingo na kenta. Bati za geji 28, mbao, misumari, fundi wawili. Walimaliza kwa siku tano na bibi akawapikia kila siku. Tela lenyewe halikurudi Songea, maana hakuna aliyetaka kulivuta kupanda ule mlima. Lipo chini ya mwembe. Mke anataka liuzwe, jamaa ameshaanza kuongelea Krismasi na ufukwe wa Mbamba Bay. Ila ufunguo anao bibi, ameufunga kwenye pindo la khanga, na humo ndani kwa sasa kuna magunia yake sita ya mahindi.