Chakol: Jeraha Lisiloonekana kwa Macho

Msomaji, ukitoka Malaba kwa matatu kuelekea Busia utapita Chakol, katika nchi ya Wateso. Malori ya mpakani hupita hapa, na pikipiki hupenya kando yake. Bodaboda zenyewe zilianzia mpaka huu wa Busia miaka ya 1960, wakati huo zikiwa baiskeli za kuvusha abiria kati ya Kenya na Uganda.

Ajali ikikukuta huku, usishangilie upesi ukiambiwa eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, huonyesha mifupa. Damu inayovuja polepole ndani ya fuvu haiioni. Hiyo hutafutwa kwa siti skani, na daktari bingwa wa ubongo huenda akawa Eldoret au Kisumu, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa.

Basi, aliyegonga kichwa akianza kutapika, kusinzia kupita kiasi au kuropoka, hata kama alifika nyumbani kwa miguu yake, msiseme alale mpaka asubuhi. Mrudisheni hospitalini usiku huo huo. Safari ni ndefu, na damu haingoji.