NAULI KAMILI MKONONI

Katika mambo madogo yanayomsumbua msafiri wa Dar es Salaam, sijaona linalozidi chenji. Wengi hulalamika juu ya msongamano, joto na mwendo wa dereva. Hayo ni kweli. Lakini mimi, niliyepanda daladala kila siku ya shule kwa miaka miwili, kutoka Temeke mpaka Kariakoo, kabla sijahamia hapa bwenini, nimeona kwamba magomvi mengi ya ndani ya gari huzaliwa na sarafu ambayo haipo.

Ajabu ni kwamba hata jina la daladala linatokana na sarafu. Wazee husimulia kwamba zamani nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Basi kondakta aliita abiria kwa kupaza sauti, "Dala! Dala!" Mtu alitoa dala yake, na maneno yakaisha.

Siku hizi maneno hayaishi upesi hivyo. Wakati nauli ya safari fupi ilipokuwa shilingi 500, niliona kondakta akiwapa abiria wawili wasiojuana noti moja ya 1,000 na kuwaambia, "Mtagawana." Mama mmoja, ambaye safari yake ilikuwa bado, alilazimika kushuka Chang'ombe pamoja na kijana yule ili wakavunje noti kwa muuza karanga. Mwishoni mwa 2023 LATRA ilipandisha nauli hiyo ikawa 600, lakini ya mwanafunzi ikabaki 200. Hesabu ya chenji ikazidi kuwa ngumu, kwa kuwa 500 ilikuwa sarafu moja, na 600 inahitaji mbili.

Ndugu msomaji, tusimlaumu kondakta kabla ya kujua shida yake. Mwenye gari hungoja hesabu yake ya siku, na mafuta lazima yanunuliwe. Kinachobaki ndicho riziki ya dereva na kondakta. Wanafunzi watatu hulipa sawa na mtu mzima mmoja. Ndiyo maana makondakta wengine huziba mlango kwa mkono na kusema, "Wanafunzi wawili tu!" Na mwanafunzi anayetoa noti ya 1,000 huchukiwa mara mbili, maana analipa 200 na anataka arudishiwe 800.

Mama yangu aliyajua hayo vizuri. Yeye huuza vitumbua, na kila jioni alipohesabu mauzo yake alitenga sarafu mbili za 200, zile zenye picha ya simba, akaziweka kwenye kifuniko cha kopo: moja ya kwenda na moja ya kurudi. Ilinichukua muda kufahamu kwamba sarafu hizo alizihitaji yeye mwenyewe asubuhi kwa wateja wake. Mara nyingine mteja aliondoka bila kununua kwa sababu chenji imekwisha. Kwa hiyo nauli yangu kamili ilikuwa na gharama yake, na aliyeilipa ni mama.

Siku moja kopo lilikuwa tupu, na mdogo wangu, aliyekuwa darasa la tano, akapewa noti ya 1,000. Kondakta aliipokea akamwambia asubiri. Alipofika kituoni aliteremshwa, gari likaondoka na shilingi zake 800. Mtu mzima aweza kusema ni fedha ndogo. Kwetu sisi 800 ni safari nne, yaani siku mbili za shule. Siku mbili hizo mdogo wangu alitembea kwa miguu, akachelewa namba, akasimamishwa nje pamoja na watoro. Alilia, si kwa sababu ya miguu, bali kwa sababu aliitwa mtoro naye alikuwa amelipa.

Bandu bandu huisha gogo. Chenji inayobaki garini leo na kesho huumaliza mfuko wa mtu maskini kabla mwezi haujaisha. Kwa hiyo nawashauri wenzangu: vunjeni noti dukani kabla ya kufika kituoni, na sarafu iwe mkononi kabla ya kupanda. Anayetoa nauli kamili hamwachii mtu nafasi ya kumwambia asubiri. Wazazi nao, wanapowanunulia watoto daftari na kalamu, wakumbuke na sarafu. Tena naomba duka letu la shule litubadilishie noti wiki ya kufunga muhula, kwani siku ile sote humiminika kituoni na noti, wala hakuna kondakta awezaye kuturudishia chenji sote.

Lakini naomba nisieleweke vibaya. Nauli kamili ni busara ya abiria; haiwi ruhusa kwa kondakta kumdhulumu asiyekuwa nayo. Mtoto mwenye noti ana haki sawa na mtoto mwenye sarafu. Na abiria mtu mzima akimsikia mtoto akisema kwa sauti ndogo, "Konda, chenji yangu," asigeuze uso dirishani. Aseme naye. Sauti ya mtu mzima mmoja ingetosha siku ile, na gari lilikuwa limejaa.

Mwanafunzi, Kidato cha IV